Makasha Mawili ya Rangi ya Chai

Elihuruma alikuwa na kanuni moja aliyoishika kwa miaka kumi na tisa: hapaki mbao ya mtu mpaka mwenyewe aione rangi kwanza kwenye kipande cha mbao ileile, tena juani. Pale Kaloleni walimcheka kwa hilo. Mafundi wenzake walimaliza kitanda asubuhi na mchana kikawa kimeshapakiwa kwenye kigari cha kirikuu, wakati yeye bado anamsubiri mteja arudi kutazama kipande cha ukubwa wa kiganja. Hakubishana nao. Kazi ile hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu, na aliyejifunza kwa kuharibu hasahau shimo lilipo.

Kwa hiyo siku alipoivunja kanuni yake, hakuivunja kwa haraka wala kwa uvivu. Aliivunja kwa sababu neno aliloambiwa lilikuwa wazi mno.

Aliyemwambia ni Mama Hansa wa Themi. Alifika Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, baridi imekaza na mlima haujaonekana wiki nzima, amejitanda shali zito juu ya sari, ameketi mbele na dereva wa kirikuu. Nyuma, chini ya mablanketi mawili, kulikuwa na makasha mawili ya spika, matupu, bado mbao nyeupe. Elihuruma alimwamkia, akaitikiwa, kisha mama akasimama pembeni na kuongoza upakuaji kwa kidole. Shikeni chini. Msiguse pembe. Msiburute.

Yalipokaa juu ya meza, Elihuruma aliyazunguka polepole. Mbao ilikuwa mringaringa, mti ambao watu wa mlimani huchongea mizinga ya nyuki na ngoma, na si mara nyingi kuuona umetengenezewa spika. Maungio yalikuwa yamekaa sawasawa, huwezi kupenyeza ukucha. Pembe zote zilikuwa zimeviringwa kwa mkono, si kwa mashine. Ukipitisha kidole ulisikia kwamba hii ya kushoto na ile ya kulia ni ndugu, lakini si pacha. Alichungulia ndani kupitia tundu la spika kubwa. Kwenye kuta za ndani kulikuwa na tarakimu za Kigujarati zilizoandikwa kwa penseli, vipimo juu ya vipimo, vingine vimekatwa na kuandikwa upya.

Akauliza fundi ni nani.

Mama Hansa alimweleza. Ni mume wake, Mzee Nirav. Alikuwa ameuza vipuri vya cherehani na baiskeli miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kushika randa. Alipofunga duka alinunua mbao za mringaringa ulioangushwa na upepo huko Nkoaranga, akazikausha nyuma ya nyumba mwaka mzima, akazigeuza kila Jumapili. Kisha akaanza kujifunza. Miaka miwili alikuwa akilala na kuamka na makasha haya, maana alitaka kusikiliza nyimbo zake za sala kwenye spika alizozitengeneza mwenyewe. Alipogandisha ubao wa mwisho, mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, baadaye hata kikombe hakikukaa mkononi. Siku moja alijaribu kupaka vanishi kwa brashi upande wa nyuma wa kasha moja. Mama akamwonyesha Elihuruma: michirizi iliyopinda, kama njia za mvua kwenye kioo chenye vumbi. Mzee alifunika makasha kwa shuka siku hiyo, na kile chumba cha nyuma alichofanyia kazi hakukifungua tena kwa miezi minane.

Sasa alikuwa Dar, kwa binti yao Kinjal, kuonana na daktari. Angerudi baada ya wiki mbili. Mama alitaka arudi ayakute sebuleni, yamekamilika.

"Hatatengeneza mengine," alisema. "Haya ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Uyaangalie, fundi."

Elihuruma akasema amesikia. Akauliza rangi.

"Rangi ya chai. Kila siku alikuwa anasema hivyo. Hansa, nitayapaka rangi ya chai."

Elihuruma akaitikia kwa kichwa. Hapo hakuwa na swali. Nani asiyejua chai?

Chai ya Elihuruma ililetwa kila siku saa nne na Blessing, dada aliyekuwa akipika chapati karibu na mlango wa karakana. Ilikuwa chai ya rangi, ile kavu isiyo na maziwa, iliyochemshwa na tangawizi na majani ya mchaichai, ndani ya bilauri ya kioo. Wiki ile Elihuruma hakuinywa ikiwa ya moto hata siku moja. Aliinua bilauri mlangoni penye mwanga, akaitazama, akarudi ndani, akapunguza unga wa rangi nyekundu na kuongeza wa kahawia kwenye spiriti, akapaka kipande, akatoka nacho tena.

"Baba Anande," Blessing alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "chai hunywewa, haitazamwi. Ukiendelea hivi nitaanza kukuuzia tiketi."

Kipande cha nne kilikubali. Ukikiweka karibu na bilauri hukujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kwa kanuni yake, hapo alitakiwa kumwita Mama Hansa aje atazame. Themi si mbali. Lakini ilikuwa baridi, rangi ingechelewa kukauka, wiki mbili si nyingi, na zaidi ya yote, chai ni chai. Mwenda pole hajikwai, alizoea kuwaambia waliomcheka. Hakufikiria kwamba mwenda pole naye, akiwa na uhakika, hatazami chini.

Alianza na kasha moja. Alilipangusa kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, akaliacha likauke, akapiga msasa mpaka uso ukawa kama shavu. Michirizi ya vanishi upande wa nyuma akaiondoa kwa subira, kidogo kidogo. Kisha akapaka rangi. Mringaringa uliinywa kama ng'ombe aliyetoka kulamba magadi. Maua ya mbao yaliyokuwa yamejificha yakatokea, mekundu juu ya kahawia iliyoiva, na Elihuruma, ambaye hana tabia ya kujisifu, alirudi nyuma hatua tatu akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akalifunika kwa shuka safi lisiingie vumbi.

Alhamisi Mama Hansa alikuja bila taarifa, na chupa ya chai na bakuli la gathia, vile vitafunio vya unga wa dengu. Alisema amefikiria baridi hii, na watu wanaofanya kazi kwenye baridi. Hakuomba kuona makasha. Alisema anataka ayaone siku moja na mzee. Alikaa kwenye stuli, akafungua chupa, akammiminia kikombe kilichojaa.

Elihuruma alikipokea kwa mikono miwili. Akatazama ndani, na hakunywa.

Ilikuwa ya maziwa. Nzito, yenye iliki, rangi ya mchanga uliolowa. Rangi ya ndama.

"Sukari imezidi?" Mama Hansa aliuliza.

"Hapana, mama." Akakisogeza kikombe kwenye mwanga. "Kwenu nyumbani mkisema chai, mnasema hii?"

"Sasa chai nyingine ipi?"

"Ile isiyo na maziwa."

"Ile ni maji ya majani," alisema Mama Hansa. "Ile tunampa mtu anayeumwa tumbo."

Elihuruma alikunywa kikombe chote, kwa sababu kilitolewa kwa moyo na kwa sababu alihitaji muda. Kasha lilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, chini ya shuka. Mama hakuwa ameliona. Angeweza kulipaka na la pili vilevile, yakalingana, na siku ya kuyachukua akasema mringaringa ndivyo ulivyo, una wekundu wake, ukipakwa hugeuka. Hakuna ambaye angembishia. Mama angeamini, maana alikuwa amekwisha kumwamini. Lakini mzee aliyeandika vipimo vile kwa penseli, akavikata na kuviandika upya, angejua kwamba mbao haisemi uongo. Na hata kama asingejua, Elihuruma mwenyewe angejua.

Aliweka kikombe chini, akaenda akavuta shuka.

"Nimekosea, mama," alisema. "Nilipaka chai yangu."

Mama Hansa alilitazama kasha bila kusogea. Blessing, aliyekuwa amekuja kuchukua bilauri, alisimama mlangoni akaelewa mara moja. Kwa kawaida yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutania. Safari hii alisema tu kwamba hata yeye angeambiwa rangi ya chai angepaka hivyohivyo, akachukua bilauri zake akaondoka.

Mama akauliza kama inaweza kutoka. Elihuruma hakumficha. Vanishi hukaa juu ya mbao, lakini rangi hii huingia ndani. Kuifikia mbao nyeupe ingebidi ale uso wote kwa msasa, na pembe zile alizoviringa mzee zingekwenda nazo. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamekwisha kunywewa.

Mama alisema afadhali wasimwambie mzee bado. Elihuruma akamwomba kwa upole iwe kinyume: mzee aambiwe, aje, na yeye Elihuruma ndiye amweleze kwa mdomo wake. La pili hatalitia mkono. Walizungumza hilo muda mrefu, mama akihofia huzuni ya mumewe, fundi akirudia kwamba kasha si lake kuamua. Mwisho mama akafunga chupa yake, akasema sawa.

Siku tisa zilizofuata Elihuruma alipaka meza ya mtu wa Njiro na kabati la kanisa, na hakuna kimoja alichokipaka kwa raha.

Mzee Nirav alikuja Jumamosi asubuhi kwa bajaji, mke wake pembeni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sweta la kijivu, na mikono yake ilikuwa ndani ya mifuko ya sweta. Hakuitoa kusalimia. Elihuruma alimwamkia, akaitikia, na fundi akafunua makasha yote mawili, la rangi na lisilo na rangi, akamweleza kila kitu kuanzia neno la kwanza mpaka kikombe cha Alhamisi. Hakujitetea. Mzee alisikiliza akitazama kasha, wala si yeye.

Kisha akatoa mkono mmoja mfukoni akauweka juu ya kasha lililopakwa. Mkono haukutulia, vidole viligonga mbao kidogokidogo, vikatoa mlio mdogo. Hakuuondoa. Aliuliza msasa ulikuwa namba ngapi. Elihuruma akamwambia. Aliuliza kama aliinua nyuzi kwa maji kwanza. Elihuruma akasema ndiyo. Mzee akainama akatazama upande wa nyuma, pale ilipokuwa michirizi yake ya vanishi, na sasa palikuwa laini kama pengine pote. Alikaa ameinama hivyo kwa muda.

"Kazi nzuri," alisema alipoinuka.

Alimwambia mkewe jambo kwa Kigujarati, sentensi moja fupi. Mama Hansa akatazama chini.

"Fundi," mzee akasema, "usisumbuke na rangi. Hujaniharibia. Umenimalizia."

Hilo ni neno la shukrani. Mtu akikusaidia kazi iliyokushinda, unamwambia umenimalizia. Elihuruma alikuwa ameambiwa hivyo mara nyingi, na kila mara alifurahi. Lakini sauti ya mzee haikuwa na shukrani, na pale ndipo alipolisikia neno lote. Huyu mtu alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kufanya duniani kwa mikono yake, na watu wawili wenye nia njema walikuwa wamekichukua wakati hayupo.

Mama Hansa alisema alitaka afurahi tu. Mzee akasema anajua.

Elihuruma hakuwa mwepesi wa maneno. Akiwa na la kusema alihitaji kwanza kushika kitu. Alikwenda kwenye rafu, akachukua fulana kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa laini, akaichana vipande, akalibeba lile kasha jeupe na kuliweka mlangoni kwenye mwanga.

"Mzee, brashi huonyesha mkono wa mtu," alisema. "Ukitetemeka, yenyewe inaandika. Kitambaa hakiandiki. Unapaka, unafuta, unapaka tena. Mimi rangi hii sijawahi kuipaka kwa brashi."

Mzee Nirav akatoa mikono yote miwili mfukoni akaiinua mbele yake. "Unaona?"

"Naona."

"Utakuwa na makasha mawili yaliyoharibika."

"Moja nimeshaliharibu mimi, na mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi," Elihuruma alisema. "Hutanizidi."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. Kitu kilisogea usoni mwake, hakikufika kuwa kicheko. Akauliza kama kuna kipande cha kujaribia.

Asubuhi ile hawakuligusa kasha. Walichanganya rangi. Safari hii chupa ya Mama Hansa iliwekwa katikati ya meza na kikombe kikamiminwa kiwe kipimo, na hapo fundi akagundua kwamba hata ndani ya nyumba moja chai si moja. Mama alisema rangi bado nyeusi. Mzee akasema ni mkewe anayemwaga maziwa kama anaosha sakafu. Mama akasema miaka arobaini na mbili mumewe ameinywa hiyohiyo na hajafa. Blessing aliitwa kuamua, akakionja kikombe, akasema yeye si hakimu wa maziwa lakini iliki iko vizuri. Kipande cha sita kilipokauka, Elihuruma alikipeleka nje, na mzee akakitazama juani kwa muda wake. Akasema, hiyo.

Kuanzia Jumatatu alikuja kila siku saa tatu. Mama alimleta kwa bajaji na kurudi kumchukua saa saba. Kazi haikwenda vizuri mara moja. Siku ya kwanza kitambaa kilimdondoka mara kadhaa, na ubavuni pakabaki doa lenye ukingo mweusi, kama ramani. Mzee alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, akasema tuache. Elihuruma hakumbishia wala hakumbembeleza. Alilowesha kitambaa kingine kwa spiriti tupu, akampa, akamwambia azungushe pale kwenye ukingo mpaka utulie, kisha akaenda zake upande wa pili wa karakana akaanza kunoa patasi isiyohitaji kunolewa. Aliporudi, ukingo ulikuwa umetulia. Doa lilikuwa bado lipo, hafifu.

"Linaonekana?" mzee aliuliza.

"Linaonekana kwa sababu unalitafuta."

Alhamisi kasha lilikuwa limepata rangi pande zote. Juu lilikuwa sawa, pembe zilikuwa nyeusi kidogo pale mbao inapokunywa zaidi, na doa lilikaa chini kwenye ubavu. Yakiwekwa pamoja, hakuna ambaye angesema ni jozi. Elihuruma alisumbuka moyoni. Watu walimjua kwa kulinganisha. Walimletea mlango mmoja mpya kwenye nyumba ya milango saba mikuukuu, na ukishapakwa huwezi kuutofautisha. Haya mawili yangekaa sebuleni Themi, kila mgeni akiyatazama. Akamwambia mzee bado anaweza kujaribu kulikwangua lile jekundu, polepole, pembe akaziacha mwisho.

Mzee akakataa. "Pembe zile nilikaa nazo wiki tatu. Usiziguse. Wageni wakiuliza nitawaambia lile la giza ni la fundi wa Kaloleni, alikuwa anafikiria chai yake."

Elihuruma akacheka. Iliuma kidogo, akacheka hivyohivyo.

Ijumaa walifika kwenye kung'arisha. Elihuruma alikuwa amelowesha magamba ya shelaki, dawa ya kung'arishia mbao, kwenye spiriti tangu juzi, yameyeyuka na kuwa kama asali nyepesi. Alifunga pamba ndani ya kitambaa, akaichovya, akaikamua, akamwonyesha: duara ndogo, moja inapanda juu ya nyingine, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kwenye kazi hii kuna sharti moja tu. Kitambaa kikishagusa mbao hakisimami mpaka kitoke upande wa pili. Kikisimama, hata kwa pumzi moja, kinanata, na kikinata kinang'oa ngozi ya chini yake na unaanza upya. Mafundi wengi walioshindwa kazi hii walishindwa hapo. Mkono huchoka, hutaka kupumzika.

Mkono wa Mzee Nirav haukujua kupumzika. Duara zake hazikuwa duara za Elihuruma. Zilikuwa na mikunjo midogo ndani yake, ziliyumba, lakini ziliendelea, zikapandana, na zilipopandana mara ya tano na ya sita hakuna iliyoweza kuonekana peke yake. Mng'ao ukaanza kutoka chini polepole. Mzee alikuwa ametoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo na hakujua. Elihuruma alikaa upande wake, akiongeza tu shelaki kwenye kisahani.

Saa saba bajaji ilisimama nje. Mama Hansa aliingia akisema chakula kiko mezani na dereva ana abiria mwingine anayemsubiri. Mumewe hakuinua kichwa.

"Siwezi kusimama," alisema.

"Nirav, chakula kitapoa."

"Muulize fundi."

Mama akamgeukia Elihuruma, na Elihuruma akamweleza, taratibu, kwamba ni kweli. Akisimama sasa, uso wote wa juu unaharibika. Ni lazima amalize upande, na ukimalizika huo kuna wa pembeni.

"Na lile jingine?" mama aliuliza, akitazama kasha jekundu.

"Hilo pia bado," mzee alisema kutoka pale alipokuwa. "Hilo nitalianza kesho."

Mama Hansa alisimama akiwa ameshika pochi yake, akautazama ule mkono unaozunguka. Kisha akatoka nje akamwambia dereva aende, akarudi, akavuta stuli akaisogeza mahali ambapo hatamkatia mumewe mwanga, akakaa.